Kipimo cha Kromosomu si Anasa, Hasa kwa Masikini

Ramadhani iliyopita nilirudi nyumbani Nungwi, na usiku wa pili, baada ya tarawehe, jirani yetu mmoja akaniita barazani kwake. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi za hospitali za mwanawe, mtoto wa miaka 9 aliyefariki ng'ambo miezi minne nyuma, baada ya kuambiwa ana saratani ya damu. Hakulia wala hakulalamika. Alizipanga karatasi moja moja juu ya mkeka, akaweka kidole kwenye ya nne, akaniambia: "Mwanangu, wewe si ndo unasomea damu huko mjini? Hebu nisomee hapa."

Palikuwa na jedwali. Wingi wa damu, chembe nyeupe, chembe za kugandisha damu, zote zimeandikwa namba zake. Mstari wa mwisho ulikuwa wa uchunguzi wa kromosomu za uboho. Mbele yake mtu ameandika kwa kalamu: haujafanyika.

"Hicho kisichofanyika ni kitu gani? Na kingefanyika, ingekuwaje?"

Nasomea maabara, mwaka wa tatu. Swali la kwanza nalijua, nimelijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. La pili nililikwepa. Nilimwambia, "Ni kipimo cha ziada tu mama, hakingebadilisha kitu." Akanishukuru, akanikaribisha uji. Naandika makala hii kwa sababu ya jibu lile, ambalo sikuwa na haki ya kulitoa.

Wenzangu wa ualimu, sheria na uchumi mnivumilie kidogo hapa, maana bila ya sehemu hii hoja yangu haitasimama. Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46, na juu ya kromosomu hizo ndiko ziliko jeni, yaani maagizo ya seli ifanye nini na lini. Sasa chukua kanga mbili, kila moja na jina lake. Zipasue zote mbili katikati ya jina, halafu shona nusu ya hii na nusu ya ile. Umepata kanga mbili ambazo hakuna kiwanda kilichozichapa, na kila moja ina jina ambalo hakuna mtu aliyelitunga. Mara nyingi jina hilo halina maana na seli inakufa zake. Lakini siku moja, kwa bahati mbaya, nusu mbili zinakutana na kutoa sentensi inayosomeka: gawanyika, usisimame. Seli inatii. Baada ya muda uboho umejaa watoto wa seli ile moja, na damu ya kawaida haina tena pa kutengenezwa. Ndo maana mgonjwa anakuwa mweupe, anavuja damu kwenye fizi, anashikwa na homa zisizokwisha. Hapa kwetu homa zile hupimwa malaria kwanza, halafu hupimwa malaria tena.

Dalili ya kwanza ya mambo haya ilionekana mwaka 1960, pale Peter Nowell na David Hungerford walipokuta kromosomu moja fupi kupita kiasi kwenye damu ya wagonjwa wa lukemia sugu, wakaipa jina la mji wao, Philadelphia. Ikachukua zaidi ya miaka 10 kujua kile kipande kilichopungua kimekwenda wapi. Aliyejua ni Janet Rowley wa Chicago, daktari na mama wa watoto wanne. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya kulia chakula nyumbani kwake, watoto wake wakimcheka kwamba anacheza na vikaragosi vya karatasi. Kwa mkasi huo alionyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Akaonyesha vilevile kwamba katika aina moja ya lukemia kali ni ya 8 na ya 21, na mwaka 1977 kwamba katika aina nyengine ni ya 15 na ya 17. Mkasi, meza na darubini. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu ukimsikiliza mtu akizungumzia kipimo cha kromosomu hapa chuoni utadhani ni chombo cha kwenda mwezini.

Kuna namna ya pili ya kuharibika, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi watu wa pwani hii. Hapa sentensi yenyewe haibadiliki hata herufi moja. Kinachobadilika ni jirani. Jeni moja iitwayo MYC, ambayo kawaida husema kwa sauti ya chini na kunyamaza, inahamishwa kutoka kromosomu ya 8 na kuwekwa kwenye ya 14, ubavuni mwa jeni za kutengeneza kingamwili. Katika chembe nyeupe za aina ya B jeni zile ni kama kipaza sauti cha kampeni, hazizimwi. MYC ikikaa hapo nayo inapiga kelele usiku na mchana. Wataalamu wanaposema kwamba kinachotofautisha lukemia moja na nyengine ni jeni zipi zinasema na kwa sauti gani, ndiyo hayo. Mwaka 1999 Todd Golub na wenzake kule Marekani walipima sauti za jeni elfu kadhaa katika uboho wa wagonjwa, na kwa sauti hizo tu wakaweza kutenganisha lukemia kali ya limfu na ile ya mieloidi bila ya mtu kutazama darubini.

Uvimbe unaotokana na MYC kuhama unaitwa limfoma ya Burkitt, na ukijaa kwenye uboho unahesabiwa kuwa ni lukemia kali. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka kwa wiki 10 kiasi cha kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali hadi kusini mwa bara, wakiuliza ugonjwa huu upo au haupo. Wakapata ramani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, na ulikatika kwenye nyanda za juu.

Sasa hapa ndipo panaponishangaza kila nikipasoma. Kwa ramani ile, Unguja na Pemba zilipaswa kuwa na wagonjwa tele. Joto lipo, mvua ipo, ardhi iko chini, lakini ugonjwa ulikuwa nadra. Burkitt mwenyewe baadaye alivitumia visiwa vyetu kama ushahidi, kwa sababu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968 nyumba za Unguja na Pemba zilikuwa zikipigwa dawa ya mbu, na malaria ilishuka mno. Hoja ikawa kwamba malaria inayomrudia mtoto tena na tena ndiyo inayotengeneza njia. Siku hizi tunajua zaidi njia yenyewe. Malaria huzichokoza chembe za B zigawanyike kwa wingi na kuwasha kimeng'enya kinachokata jeni za kingamwili ili kuziboresha. Mara nyengine kimeng'enya hicho hukata pasipo pake, na kromosomu ya 8 ikashonwa kwenye ya 14. Pale Mara, Tanzania Bara, kuanzia 1977 hadi 1982 watoto waligaiwa klorokwini kuona kama limfoma hiyo itapungua. Ilipungua, ingawa ilikuwa imeshaanza kupungua kabla ya dawa, kwa hiyo jaribio halikumaliza ubishi.

Wanafunzi wangapi wa chuo hichi wanajua kwamba wazee wao waliofungua milango nyumba zipigwe dawa wamo kwenye historia ya kromosomu? Mie nimeijua mwaka wa tatu, na si darasani.

Lakini kuna upande mwengine wa historia ile, na huo ndio unaonikera. Kutoka Kampala vipande vya uvimbe vilipanda ndege hadi London, kwa Anthony Epstein. Disemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu ikaishia Manchester, na sampuli ilipofika ilikuwa imechafuka kama maji ya mchele. Mtu mwengine angeimwaga. Epstein aliitazama kwa darubini, akakuta uchafu ule ni seli hai zinazoelea. Kutoka kwenye seli hizo, za mtoto wa Uganda, mwaka 1964 kikapatikana kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, kile kinachoitwa sasa Epstein-Barr. Sampuli kutoka Nairobi nazo zilikuwa zikisafirishwa Stockholm. Huko Sweden mwaka 1972 wanandoa Manolov na Manolova kutoka Bulgaria waliona kwamba kromosomu ya 14 ya uvimbe wa Burkitt ina kipande cha ziada, na mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kwamba kipande hicho kinatoka kwenye ya 8. Miaka ya 1980 ikaja na jina la MYC.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kromosomu kuhama na jeni kupiga kelele kimetoka kwenye miili ya watoto wa Afrika Mashariki. Watoto hao walikuwa na kipimo cha kromosomu mwaka 1972, kwa sababu mtu wa mbali alikihitaji kwa utafiti wake. Mtoto wa Nungwi, nusu karne baadaye, kaandikiwa haujafanyika.

Nilipomueleza haya mwenzangu mmoja wa udaktari tunayekaa naye, alinijibu bila hata ya kuinua kichwa kwenye simu: "Wodi haina chembe za kugandisha damu za kumuongezea mtoto, we unataka kromosomu? Kromosomu utamtibia nini?" Ni hoja nzito na nataka kuipa haki yake. Ni kweli kwamba katika nchi masikini watoto wengi wenye lukemia hawauliwi na kutojulikana kwa kromosomu zao. Wanauliwa na vijidudu wakati kinga imeshuka kwa dawa, wanauliwa na kutoka damu, au wazazi wanaishiwa nauli na kurudi nyumbani matibabu yakiwa nusu. Ukinipa pesa mfuko mmoja leo nichague baina ya damu salama na darubini ya kromosomu, nitachagua damu.

Ila mwenzangu anakosea pahala pamoja, na ndipo penye hoja yangu yote. Anakichukulia kipimo hichi kama pambo la mwisho, kitu cha kuongeza hospitali ikishatajirika. Mie nasema ni kinyume chake. Dawa za lukemia ni sumu zinazopimwa. Hospitali tajiri inaweza kumpa mtoto dozi nzito, akaanguka, ikamuinua kwa chumba cha wagonjwa mahututi, kwa damu, kwa antibiotiki za bei mbaya. Sisi akianguka hatuna mikono ya kumdaka. Basi ni nani mwenye haja zaidi ya kujua mapema kwamba mtoto huyu anatosheka na dozi nyepesi?

Na kromosomu ndizo zinazosema hilo. Mtoto mwenye lukemia kali ya limfu ambaye seli zake za ugonjwa zina kromosomu zaidi ya 50, kawaida ana matumaini makubwa, dawa zinamkubali. Mwenye chini ya 44 yuko kwenye hatari. Kuna aina ambayo ya 12 na ya 21 zimebadilishana vipande, nayo ni ya wapole. Watoto waliozaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada, tuliowazoea mitaani kwetu, wanapata lukemia kwa wingi kuliko wengine. Lakini wakipata ile ya mieloidi wakiwa wadogo, wanapona vizuri kwa dozi zilizopunguzwa, na dozi kamili ndiyo hatari kwao. Bila kipimo, wote hawa wanatiwa chungu kimoja. Daktari anakisia. Akikisia juu, sumu inaua. Akikisia chini, ugonjwa unarudi.

Halafu kuna ile ya 15 na 17. Hii si aina ya wengi, ila ndiyo inayoninyima usingizi. Mgonjwa anaweza kutoka damu akafa ndani ya siku chache. Zamani ilikuwa miongoni mwa zilizotisha kuliko zote. Mwaka 1985, Shanghai, daktari Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka 5 dawa ya kumeza yenye nasaba na vitamini A, inaitwa ATRA, na mtoto akapona. Seli zake hazikuuliwa, zililazimishwa zikomae. Leo ATRA ikichanganywa na aseniki wagonjwa wengi mno wanapona, wasio kwenye hatari kubwa hufika 9 katika 10, na tena bila ya zile sumu za kawaida. Tangu 2015 ATRA imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na imatinib, ile inayozima sentensi ya 9 na 22. Imatinib imegaiwa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi masikini, Afrika Mashariki ikiwemo, lakini kwa sharti la kuonyesha kwanza kwamba unayo kromosomu ya Philadelphia. Kidonge kipo mlangoni, ufunguo wake ni karatasi ya maabara. Sasa nani atasema kwamba kipimo ni anasa?

Watu wa maabara wenzangu, sisi nasi tuna letu. Rangi inayotumika kuchora mistari ya kromosomu ni Giemsa. Ndiyo, Giemsa hii hii tunayopakia slaidi za malaria kuanzia mwaka wa kwanza mpaka vidole vinageuka zambarau. Kinachobaki ni ustadi. Kromosomu huonekana pale tu seli inapogawanyika, hivyo lazima seli ifike maabara ikiwa hai. Uboho unatiwa kwenye chupa yenye heparini, ile ya kifuniko cha kijani, si ya zambarau tuliyoizoea kwa kipimo cha damu kamili. Haugandishwi kwenye friza na haukai mezani kusubiri boti ya Jumatatu. Seli zinalishwa, zinasimamishwa katikati ya kugawanyika, zinavimbishwa kwa maji ya chumvi hafifu, zinapakwa kwenye kioo. Kisha mtu anakaa na kuhesabu, seli 20, moja baada ya moja. Kazi ya macho na subira. Fundi wa majahazi pale Nungwi anayepanga mataruma kwa jicho bila ya mchoro ana subira hiyo, na wajukuu zake wamo humu chuoni.

Tulichofundishwa sisi ni kukariri: 9 na 22, 15 na 17, 8 na 14. Tunaziandika kama namba za daladala. Sijawahi kuiona kromosomu kwa macho yangu, na naamini wengi wa darasa letu hawajaiona.

Serikali yetu ya wanafunzi kila mwaka inapeleka madai kwa uongozi, na mengi ni ya haki: intaneti, mabweni, jenereta. Mwaka huu naomba liongezwe moja, kwamba mafunzo ya kutayarisha na kusoma kromosomu yaingizwe kwenye maabara ya kufundishia, angalau kwa kikundi kidogo cha mwaka wa nne, na wawili watatu wapelekwe kujifunza kwa miezi kadhaa pale kazi hii inapofanyika. Haihitaji jengo. Pia zile mashine za GeneXpert tunazopimia kifua kikuu zina vikasha vyengine vinavyotengenezwa na kampuni hiyo hiyo, vya kutafuta ile sentensi ya 9 na 22. Mashine ni moja, kikasha tu ndicho tofauti. Mtu wa kuliuliza hili wizarani anaweza kuwa mmoja wetu.

Kuhusu kupima sauti za jeni zote elfu kwa mpigo, kama alivyofanya Golub, mie sioni haraka. Najua kuna wenzetu wanaopenda kuandika mapendekezo ya utafiti yenye maneno hayo kwa sababu wafadhili wanayapenda. Waandike. Lakini tusije tukarudia ya 1963, sampuli zikapanda ndege na majibu yakaishia kwenye majarida.

Baada ya Idi nilikwenda tena barazani kwa jirani yetu. Nilimwambia kwamba siku ile sikumjibu sawa. Nikamueleza mambo ya kanga mbili, akaelewa haraka kuliko darasa letu lilivyoelewa, ni mshoni. Nikamwambia kwamba kipimo kile kingeweza kusema mwanawe alikuwa na aina gani. Zipo aina ambazo kingebadilisha dawa na zipo ambazo kisingebadilisha, na ya kwake hakuna atakayeijua.

Alikaa kimya kidogo akikunja khanga yake magotini. Kisha akaniuliza kama yule mdogo wa marehemu, aliyebaki, naye apelekwe akapimwe. Nikamwambia hapana, kromosomu hizo zinavunjika kwenye seli moja ya mtoto mmoja, hazirithiwi namna hiyo. Hilo nalijua kwa yakini. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia mara ya pili.